Kuishi Ndani ya Gari-Nyumba Wakati wa Baridi Kali

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mhariri alituomba kila kidato kilete makala ya kufundisha jambo, siyo hadithi za sungura na fisi peke yake. Wenzangu wameandika juu ya ngeli na methali. Mimi nimechagua jambo ambalo sidhani limewahi kuandikwa humu: namna mtu anavyoweza kuishi ndani ya gari-nyumba wakati wa theluji, yeye asigande na gari lisiharibike. Tafadhali msinicheke kabla hamjafika mwisho.

Gari-nyumba ni gari lililoundwa likawa na kitanda, meko, sinki, choo na meza ya kulia. Yako yenye injini yake, mtu anaketi mbele na kuendesha nyumba yake. Mengine ni trela tu, hukokotwa na gari lingine mpaka mahali pa kuegesha. Yalitengenezwa kwa ajili ya likizo, watu waende kuona milima na maziwa wakati wa joto. Ndiyo sababu kuta zake ni nyembamba sana. Lakini wapo watu wanaoishi humo mwaka mzima kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda au nyumba zenyewe hazipatikani. Kwa mfano, miaka ya 2010 hivi, mafuta yalipokuwa yakichimbwa kwa wingi karibu na mji wa Williston katika jimbo la North Dakota, wafanyakazi wengi walilala katika trela kama hizo majira ya baridi.

Mmoja wa wanaoishi hivyo leo ni mjomba wangu, kakake mama. Yuko Minnesota. Ukitoka Gusii kama sisi, hilo si jina geni, kwa maana hapa Keroka utapata watu wanaoijua Minnesota kuliko wanavyoijua Lamu. Mjomba hufanya kazi ya kuwatunza wazee. Huu ni msimu wake wa pili wa baridi ndani ya trela, ambayo ameiegesha kwenye uwanja wa kukodi wenye umeme na bomba la maji. Kodi anayookoa ndiyo inayomlipia dada yangu chuo cha uuguzi, na inayobaki hulipia chakula changu cha mchana hapa shuleni. Kwa hivyo baridi ya Minnesota kwetu si habari ya mbali.

Mama alipoambiwa mara ya kwanza alishika kichwa. "Sasa mtu mzima analala kwa gari kama tanboi wa lori?" Tangu siku hiyo, Januari ikifika, mama hana usingizi. Mimi nikaona badala ya kumwambia "usijali mama" kila siku, afadhali nijue mambo yenyewe nimweleze. Nikamuuliza mjomba kwa simu, nikawasumbua walimu wa sayansi, nikasoma kwenye kompyuta za shule. Haya ndiyo niliyokusanya.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi yenyewe. Sisi tunajiona tunaijua. Ukungu ukishuka asubuhi, majani chai hayaonekani, na sisi wanafunzi wa kutwa tunaingia darasani vidole vimekufa ganzi, hata kalamu haishikiki. Lakini hapo kipimajoto kingali juu ya sifuri, tena mbali. Mjini Minneapolis usiku wa kawaida wa Januari hushuka kupita digrii 10 chini ya sifuri. Mwishoni mwa Januari 2019 ulishuka hadi digrii 33 chini. Na tarehe 2 Februari 1996, katika mji mdogo wa Tower, kaskazini mwa jimbo hilo, kilipimwa kiwango cha digrii 51 chini ya sifuri. Friza ya kugandishia nyama huwekwa digrii 18 chini. Yaani kuna usiku ambapo mjomba akitaka kupata joto kidogo angeingia ndani ya friza!

Adui wa kwanza wa gari-nyumba katika hali hiyo ni maji. Vitu vingi vikipoa hujikunyata, lakini maji yakigeuka barafu hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9. Aliyewahi kusahau soda ya chupa kwenye friza anajua. Sasa fikiria bomba jembamba la plastiki linalopita chini ya sakafu ya trela. Maji yakiganda humo bomba hupasuka, na ubaya wake ni kwamba hujui. Barafu yenyewe huziba ule ufa. Siku jua likitoka na barafu ikayeyuka, ndipo unaamka ukiogelea.

Mjomba hujikinga kwa njia kadhaa. Watu wengi wanaoegesha hapo huacha mpira wa maji umeunganishwa kwenye bomba la uwanja, wakauzungushia utepe wa umeme wenye joto na juu yake sponji nene. Yeye hafanyi hivyo. Hujaza tangi la ndani ya trela, kisha huutoa mpira, huumwaga maji yote na kuukunja ndani. Ni kazi zaidi, lakini umeme ukipotea usiku hana mpira wa kulilia. Makabati yaliyo chini ya sinki hulala wazi ili joto la chumba liyafikie mabomba.

Halafu kuna kitu kilichomfurahisha mama sana, nacho ni kwamba trela huvalishwa rinda. Ndiyo, rinda! Trela ikisimama kwa magurudumu yake, upepo hupita chini ya sakafu na kuiba joto lote, na matangi ya maji yako huko huko chini. Kwa hivyo watu huzungushia mbao za foamu ngumu kutoka ukingo wa trela hadi ardhini, pande zote, mpaka upepo ukose mlango. Ardhi nayo huhifadhi joto kidogo, basi ile hewa iliyofungiwa chini haipoi kama ya nje. Wengine hutumia marobota ya nyasi kavu. Mjomba aliyakataa kwa sababu panya huhamia humo kwa furaha, na nyasi zikishika moto huna nyumba.

Sasa niruhusuni niseme kuhusu choo, ingawa mhariri alinitazama kwa jicho baya. Maji machafu ya gari-nyumba huingia katika matangi mawili, moja la choo na jingine la sinki na bafu. Kila tangi lina vali na bomba la kumwagia. Mtu asiyejua huiacha vali ya sinki wazi ili maji yajitokee yenyewe. Yale maji hutoka kidogo kidogo, hufika kwenye bomba lenye baridi, huganda hapo, mengine yanakuja juu yake yanaganda, hadi bomba zima linakuwa gogo la barafu. Inayofaa ni kufunga vali, kungoja tangi likaribie kujaa, kisha kumwaga yote kwa mkupuo. Maji mengi yanayokimbia hayapati nafasi ya kuganda. Mwalimu wetu wa fizikia alilipenda jambo hili akasema atalitumia darasani, ila hakusema atalitaja tangi gani.

Anayeliacha gari lake bila mtu majira yote ya baridi mambo yake ni mepesi. Humwaga maji yote, kisha huingiza katika mabomba dawa ya kuzuia kuganda, ile ya rangi ya waridi iliyotengenezewa mabomba ya kunywea. Ile inayotiwa katika rejeta za magari mara nyingi ni sumu kali, haifai kabisa kupita panapopita maji ya kunywa.

Turudi kwa anayeishi ndani. Joto analipata wapi? Mama alifikiri ni kununua hita za umeme nyingi tu. Hapo nilichukua kalamu. Trela ya mjomba hupokea umeme wa volti 120, siyo 240 kama wetu, na fyuzi yake hubeba ampea 30. Zidisha, utapata wati 3,600 kwa nyumba nzima. Hita moja ya wati 1,500 hula ampea 12.5. Hita mbili ni ampea 25. Ukiongeza birika la chai tu, giza! Tena kuna mtego mwingine ambao mimi mwenyewe singeukisia. Trela nyingi zina tanuri dogo la gesi lenye feni, na hewa yake ya moto hupitia kwenye mifereji chini ya sakafu, karibu na mabomba na matangi. Ukipasha chumba kwa hita za umeme peke yake, tanuri huwa halina haja ya kuwaka. Wewe juu unakaa na fulana, huku chini mabomba yanaganda kimya kimya. Kwa hivyo mjomba huweka hita moja ya umeme kwa kusaidia, lakini tanuri la gesi lazima liwe linawaka mara kwa mara.

Na gesi nayo ina tabia yake. Mitungi yetu hapa Kenya ina mchanganyiko wa propeni na buteni. Buteni ikifika karibu na digrii sifuri huacha kugeuka mvuke, inalala ndani ya mtungi kama maji, na meko haliwaki ingawa mtungi ni mzito. Propeni huendelea kutoa mvuke hadi digrii 42 chini ya sifuri. Ndiyo maana kule mitungi ya magari hayo hujazwa propeni. Baridi ikichacha, mtungi wa kilo 9 unaweza kumalizika kwa siku mbili au chini ya hapo, kwa hivyo mjomba ana mitungi miwili na hangoji wa pili ufike nusu. Feni ya tanuri hutegemea betri au umeme, basi gesi bila umeme pia haisaidii.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii. Mama alipozisikia hizo habari za fyuzi alisema, "Basi si umwambie afunge kila tundu, awashe lile jiko la kupikia usiku kucha?" Alisema kwa mapenzi. Lakini ushauri huo ndio unaoua watu.

Moto wowote hula oksijeni. Hewa ikipungua, moto haumalizi kazi yake sawasawa, na badala ya kaboni daioksaidi peke yake hutoa pia kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Katika damu yetu, himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni, na kaboni monoksaidi hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Fikiria matatu ambayo viti vyote vimekaliwa na watu wasioshuka. Oksijeni inabaki stejini. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hudhani ni malaria au mafua, akaamua kulala kidogo. Akiwa amelala hawezi kujua chochote tena.

Tanuri la trela limeundwa kwa kuepuka hilo. Moto wake uko ndani ya chumba kilichozibwa, huvuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje, kisha feni hupitisha hewa ya nyumba juu ya chuma chenye moto bila kuchanganyika na moshi. Jiko la kupikia halina kinga hiyo. Hilo ni la kupikia, na hata wakati wa kupika mjomba hufungua kidirisha kidogo, nje kuwe na theluji au kusiwe.

Ndugu zangu, hapa tusijidanganye kwamba ni mambo ya Minnesota. Huku kwetu mwezi wa Juni na Julai jiko la makaa huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na matambara yakasukumwa chini ya mlango. Nilipomweleza nyanya alinikatalia kabisa. "Sisi tulizaliwa tukalala na moto katikati ya nyumba, na mimi niko hapa." Nilifikiri jibu lake kwa siku mbili, maana nyanya hadanganyi. Kumbe jibu liko kwenye paa. Nyumba za zamani zilikuwa za nyasi, na nyasi hupumua, moshi ulikuwa ukipenya juu taratibu. Tena kuni hutoa moshi unaowasha macho, mtu akizidiwa huamka akakohoa na kutoka nje. Leo tuna mabati, saruji na madirisha ya kioo, na makaa yaliyokolea hayatoi moshi wa kumwamsha mtu. Yanaonekana safi, kumbe ndiyo yanayotoa hiyo gesi. Nyanya alinyamaza, kisha akasema jiko litatolewa nje kabla ya kulala, lakini nimnunulie blanketi. Ninaweka akiba ya blanketi hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kutowasha jiko la kupikia kwa ajili ya joto, nayo tuliipata darasani tulipokuwa na mada ya moli. Molekuli moja ya propeni ikiungua hutoa molekuli nne za maji. Piga hesabu: gramu 44 za propeni hutoa gramu 72 za maji. Ukichoma kilo moja, umemwaga hewani zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke! Ongeza pumzi ya mtu, chai inayochemka na nguo zinazokauka. Mvuke huo ukigusa ukuta wenye baridi hugeuka matone, na matone hugeuka barafu. Mjomba alituma picha, misumari ya ndani ya trela ilikuwa imeota barafu kama sukari. Chini ya godoro maji hujikusanya, kuvu inaota na kifua kinabana. Kwa hivyo kila asubuhi huinua godoro lipate hewa, hufuta madirisha kwa kitambaa, na huacha tundu la paa wazi kidogo. Ndiyo, joto linapotea. Lakini trela kavu hupashika kwa urahisi, yenye unyevu haikubali.

Kuhusu injini sitasema mengi, kwa sababu trela ya mjomba haina. Ana pikapu ya kwenda kazini. Baridi hupunguza nguvu za betri, kwenye digrii 18 chini ya sifuri inaweza kubaki nusu hivi, na wakati huo huo oili imekuwa nzito kama asali, injini inataka nguvu zaidi kuamka. Betri iliyojaa chaji haigandi kwa urahisi, iliyokwisha hugandia digrii chache tu chini ya sifuri na kupasuka. Kule magari mengi yana waya wa umeme unaochungulia mbele, usiku huchomekwa ukutani ili injini ipashwe. Nanyi mkipita kituo cha petroli tazameni mikebe ya oili, mtaona 15W-40 au 20W-50. Hiyo W ni majira ya baridi ya Wazungu. Namba iliyo kabla yake ikiwa ndogo, oili hiyo hutiririka vizuri zaidi kwenye baridi. Dizeli nayo hufanya nta na kuziba chujio, kwa hivyo wenyewe huichanganya na dizeli nyepesi inayokaribiana na mafuta ya taa. Huku kwetu anayechanganya mafuta ya taa na dizeli anashikwa na polisi, sababu zake ni nyingine.

Niongeze jambo moja kuhusu vifaa vya kutoa tahadhari. Katika trela kuna kinacholia gesi ikivuja. Hiki huwekwa karibu na sakafu, kwa kuwa propeni ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini. Kingine hulia kwa kaboni monoksaidi, ambayo huchanganyika na hewa yote, na kile cha moshi hukaa juu. Mtu asidhani kimoja kinatosha kwa yote matatu. Tena huzeeka, mgongoni mna tarehe, na kikipita miaka yake kinabaki pambo la ukuta. Mjomba aliponunua trela hiyo kuukuu alikuta cha kaboni monoksaidi kimepitwa na tarehe zamani, akakibadilisha kabla hajaleta hata godoro.

Kabla ya kulala mjomba hutoka nje na ufagio. Hufagia theluji palipo na tundu la kutolea moshi wa tanuri, kwani tundu likizibwa ule moshi unaweza kurudi ndani. Hutikisa mitungi, hukagua rinda kama upepo umelitoboa, kisha huingia na kufungua makabati ya sinki. Wakati huo huku kwetu ni asubuhi, mama anakama ng'ombe, na simu inaita. Mjomba hubonyeza kitufe cha kujaribia kile kifaa cha kaboni monoksaidi, nacho hulia piii piii piii mpaka ng'ombe anashtuka. Mama husema, "Haya, nimesikia, sasa lala."